Ile Isiyo na Kioo

Jumatatu, 4 Machi

Kamera ya marehemu baba imekufa. Haikuanguka wala haikuibiwa, imeota ukungu. Asubuhi alikuja dereva wa lori kupiga picha ya leseni, nikatazama ndani ya lenzi nikaona utando mweupe umetambaa pembeni na kuanza kuingia katikati. Kaka akaichukua, akaipuliza, akaipangusa kwa shati, akaitukana. Ukungu uko ndani kabisa, mkono haufiki.

Dereva alitushukuru kwa adabu, akaenda studio ya kule stesheni. Kaka hakusema neno mpaka mchana. Kaka kunyamaza nusu siku ni jambo la kuandikwa.

Jumatano, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mteja hata mmoja hakuna, kwa hiyo tumepata nafasi nzuri ya kugombana.

Uwezo wetu ni kamera moja, na zinazotufaa ni mbili. Ya kwanza ni ndogo, lenzi yake haitoki, lakini inavuta mno. Ukiwa hapa dirishani ghorofani, kwenye studio yetu ambamo pia tunaishi, unasoma vibao vya maduka ng'ambo ya bonde. Ya pili ni ya kubadilisha lenzi, ya chini kabisa katika ukoo wake, ila jicho lake la ndani ni kubwa na gizani inaona. Lenzi inayokuja nayo haivuti kitu. Mtu akivuka barabara umeshampoteza.

Mimi naitaka ya kwanza. Lenzi isiyotoka haiingizi unyevu, na mwaka huu unyevu umetukomesha. Kaka anaitaka ya pili.

"Dada, kazi zetu ziko kumbini, na kumbini ni giza. Nani atakulipa umpige picha kutoka ng'ambo ya bonde?"

"Na ukungu?"

"Utaifunga kwenye boksi na mchele. Wewe kila kitu unakiogopa, hata hewa."

Maneno yake yaliniuma, lakini kuhusu kumbi alisema kweli. Nimekubali. Shangazi anakwenda mjini Ijumaa kupima macho, na yeye ndiye atakayeinunua. Baba alipofariki ni yeye aliyetulea, na studio haiendi popote bila neno lake. Kaka amempigia simu kumweleza kwamba kamera za zamani zilikuwa na kioo kidogo ndani kinachopanda na kushuka, na hizi mpya hazina. Akamalizia kwa kupaza sauti, maana Shangazi akishika simu huwa anaisikiliza kwa mbali: "Chukua ile isiyo na kioo! Umesikia? Isiyo na kioo!"

Jumamosi, 9 Machi

Nacheka na huku moyo unaniuma.

Shangazi ameingia amelowa mpaka kwenye vifundo vya miguu, boksi amelifunika kwa mfuko wa nailoni, yeye mwenyewe hakujifunika.

"Nimewaokoa," akasema kabla hata ya kuketi. "Mlikuwa mnakwenda kuibiwa mchana kweupe."

Kaka akafungua boksi. Nilimwona uso ukimshuka.

"Shangazi, hii siyo."

"Ndiyo hii. Nilimwambia yule muuzaji anipe isiyo na kioo. Akaniletea lidude limeachama mdomo, mbele tundu tupu. Nikamwuliza, baba, hii haina kioo? Akasema kwa fahari, haina, mama. Nikamwambia, sasa itaonea wapi? Unanitazama hivi unaniona mjinga? Nipe yenye kioo! Akasema, hata hii nyingine haina, mama. Nikamwambia kioo si hiki hapa mbele nakiona, na kingine si hiki nyuma? Macho yangu nimetoka kupimwa leo leo!"

Kaka alikaa chini. Mimi nilikimbilia chumba cha nyuma nikacheka nikiwa nimeuma kitambaa. Kumbe yule muuzaji alikuwa ameitoa lenzi ili amwonyeshe vizuri, naye Shangazi akaikataa akachukua ile ndogo ya kuvuta, niliyoitaka mimi.

Tumeokolewa na jambo moja: muuzaji amesema boksi na risiti vikiwa salama, atatubadilishia mpaka tarehe kumi na tano Aprili. Kaka ameliweka boksi juu ya kabati na hataki mtu aliguse.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimeijaribu kamera dirishani. Nyumba ya Shangazi iko ng'ambo, chini kidogo ya ule ukuta wa mawe unaozuia udongo wa jumba la juu. Nilivuta mpaka nikamwona barazani anaanua nguo. Nikampigia simu nikamwambia soksi moja imemdondoka. Alizunguka mzima mzima kunitafuta, akanitukana vizuri sana, akaiokota.

Kisha nikapandisha kamera kidogo. Juu ya paa lake, kwenye ukuta, kuna ufa. Unaanzia karibu na ukingo na kushuka kwa mshazari mpaka nyuma ya chumba chake cha kulala. Si mstari wa rangi wala mmea. Nimeupiga picha nikamwonyesha Kaka.

"Ukuta mkongwe huo," akasema. "Nawe ukivutwa hivyo utaonekana una nyufa."

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi. Ufa anaujua siku nyingi. Mwenye jumba anaishi mbali, mlinzi wake amepiga simu na ameambiwa asubiri. Ofisi ya mtaa nayo imeandika jina lake na kumwambia asubiri.

"Basi nahamia kwako nisubiri huko?" akaniuliza. "Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Siwezi kuikimbia kwa sababu ya picha."

Nilimwambia naogopa. Akaniambia niliogopa hata kuota meno.

Jumamosi, 16 Machi

Harusi imetuaibisha. Ukumbi ulikuwa na taa hafifu za rangi, na kamera yetu ya kuvuta ikatoa chenga tupu. Bibi harusi ana uso wa mchanga. Mama yake alizitazama picha, akaziweka mezani, akasema, "Mwanangu hana ndui." Kaka aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka.

Tulirudi studio. Mlangoni akaniambia, "Kabla ya tarehe kumi na tano nairudisha. Usinibishie." Sikumbishia.

Jumanne, 19 Machi

Nimemchukua fundi mwashi tunayemwita Timazi, kwa sababu hata akisimama kuzungumza nawe anapima kama umesimama wima. Alipanda ngazi nyuma ya nyumba ya Shangazi, akaingiza kidole kwenye ufa, akashuka bila haraka.

"Kuna ufa uliolala na kuna ufa unaotembea," akasema. "Huu siujui bado. Nitafutieni kioo."

Dawa yake ni hii: unapachika kipande chembamba cha kioo kuvuka ufa, saruji huku na saruji kule. Ukuta ukisogea, kioo hakina subira, kinapasuka. Shangazi akaleta kipande cha kioo chake cha kabati kilichovunjika mwaka juzi, cha kujitazamia, maana hicho kinang'aa na mimi nitakiona kutoka studio.

Timazi alipomaliza, Shangazi akatusimamisha wote uani.

"Nisikilizeni, na hili ndilo la mwisho. Kioo kikipasuka nitahama siku hiyo hiyo, sitauliza swali. Lakini kikiwa kizima, asinijie mtu hapa na mdomo wake. Tumeelewana?"

Tulisema tumeelewana. Nilifurahi, nikadhani nimeshinda.

Jumatano, 20 Machi

Kioo kizima. Jua lilitoka kidogo, kikanimulika machoni.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Kioo kizima.

Jumapili, 24 Machi

Kioo kizima. Kaka ananiita mlinzi wa zamu.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua haijakatika tangu juzi. Kioo kizima, lakini ilinibidi nipige picha nyingi kabla sijapata moja inayosomeka. Mchana wenyewe umekuwa na giza la magharibi, na kamera hii bila mwanga ni kipofu anayeona mbali. Namwelewa Kaka zaidi kila siku, na simwambii.

Jumanne, 2 Aprili

Kioo kizima. Shule imetuuliza kama tutaweza kupiga picha za mahafali ndani ya ukumbi wao. Kaka amesema tutaweza. Ametazama boksi juu ya kabati.

Jumamosi, 6 Aprili

Kioo kizima. Mti umeanguka karibu na daraja. Shangazi amepiga simu kuuliza kama na mti nao niliupachika kioo.

Jumanne, 9 Aprili

Timazi amepita dukani kujikinga mvua. Nikamwonyesha picha za wiki hii. Kioo hakukitazama sana. Alitazama yale matundu yaliyo chini ya ukuta, yanayotoa maji ya udongo wa nyuma.

"Juzi yalikuwa yanatoa?"

"Yalikuwa yanamwaga."

"Na leo?"

Nilivuta picha. Leo hayatoi hata tone, na mvua inanyesha.

"Yameziba," akasema. "Sasa maji yote yanakaa nyuma ya ukuta na kuusukuma. Mwambie mama ahame."

"Kioo kizima, fundi. Atakataa."

"Kioo kinauangalia ufa. Hakiangalii ukuta mzima."

Nimempigia Shangazi. Alinisikiliza, akauliza swali moja: "Kimepasuka?" Nikasema bado. Akakata simu. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira. Yule mwanamke alinifundisha kuvuka barabara, na leo mimi siwezi kumvusha ua wake mwenyewe.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika nguo zikiwa bado hazijakauka.

Asubuhi Kaka aliteremsha boksi, akakunja mkanda wa kamera, akatafuta risiti. Alikuwa amepata lifti ya kwenda mjini kesho kuibadilisha. Nikamwomba aniachie niangalie kioo mara ya mwisho. Alinipa.

Bonde lilikuwa limejaa ukungu na mvua. Niliegemeza kamera kwenye mto wa kiti dirishani, nikavuta, nikapiga, nikapiga tena. Nilichopata ni chenga za kijivu. Paa la Shangazi nililitambua kwa sababu nalijua. Mahali pa kioo palikuwa na doa jeupe, ambalo lingeweza kuwa kioo kizima, vipande viwili, au tone la maji kwenye lenzi. Juu ya doa, nikaona ukingo wa ukuta umepinda. Au nilitaka kuuona hivyo. Sikujua, na kutojua huko ndiko kulikonitisha.

Nilichukua kamera nikashuka ngazi. Kaka akanifuata akiniita, kisha akaacha kuniita, akawa anatembea tu nyuma yangu. Mvua ilitupiga njia nzima.

Shangazi alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikasimama mlangoni maji yakinichuruzika.

"Kimepasuka," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Sikuwa nimepanga.

Aliweka ungo chini. "Hebu."

Nikampa kamera. Aliitazama picha akiwa amevaa miwani, akaivua, akaitazama tena akiwa ameisogeza mbali.

"Mimi hapa sioni kitu. Naona uji."

"Ni mvua, Shangazi. Lakini kimepasuka."

"Wewe ni mwoga. Ukiona paka unasema chui." Akamgeukia kaka yangu; hata yeye humwita Kaka. "Kaka, njoo. Wewe hukipendi hiki kidude, huna sababu ya kukisifia. Tazama uniambie. Unaonaje?"

Nilijua mambo yamekwisha. Kaka hajawahi kunibeba kwenye neno hata moja tangu tukiwa wadogo. Nikivunja kikombe, yeye ndiye mleta habari. Akaipokea kamera, akavuta picha ikawa kubwa, akaitazama kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yakimdondoka puani na hakuyafuta.

"Kimepasuka," akasema. "Katikati. Mstari huu hapa."

Akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo hapakuwa na mstari wowote.

Shangazi alitutazama mmoja mmoja. Kisha akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza.

"Nilisema sitauliza swali," akasema. "Chukueni godoro. Msiliburuze."

Kaka alilibeba kichwani mpaka ng'ambo, na mvua hii. Mimi nilibeba nguo na redio. Shangazi alibeba funguo. Alifunga kila mlango, hata wa jikoni ambao kitasa chake hakifungi.

Ijumaa, 12 Aprili

Kaka hakwenda mjini. Nilipomwuliza kuhusu lifti yake alisema barabara ni mbaya.

Shangazi amelala kwenye kitanda changu na ameshahamisha sufuria zangu zote. Ukungu haujainuka, bonde halionekani. Anaulizia nyumba yake kila nikipita. Mimi na Kaka hatutazamani.

Jumamosi, 13 Aprili

Asubuhi mvua ilikatika, na mwanga ukaja. Nilikwenda dirishani kabla ya chai. Nilivuta, nikapiga.

Kioo kizima. Kilinimulika machoni kama siku ya kwanza. Hakuna mstari, hakuna kona iliyokatika. Ukuta umesimama.

Nilihisi aibu ikinipanda mpaka masikioni. Kaka alikuja, akatazama kwenye skrini, akanong'ona, "Ifute." Nikaifuta.

Shangazi akatokea tayari amevaa viatu.

"Jua limetoka. Nakwenda kujionea mwenyewe hicho kioo, kisha nichukue na mchele wangu."

"Subiri chai," nikasema.

"Nimekunywa."

"Kuna matope, Shangazi."

"Nimezaliwa kuna matope." Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa.

Hapo Kaka akasema, "Shangazi, hebu njoo ukae. Sina hata picha yako moja nzuri, na leo dirisha lina mwanga."

"Leo? Nilivyo hivi?"

"Ulivyo hivyo. Dakika mbili."

Kiburi chake kikamnasa. Akarudi, akaketi kwenye stuli ya wateja, akaninyooshea mkono nimpe kioo ajitengeneze kitambaa. Kaka akazichezea zile dakika mbili alivyoweza. Alisogeza stuli, akasogeza pazia, akamwambia ainue kidevu, akamwambia akishushe. Sikujua anangoja nini. Nadhani hata yeye hakujua, alikuwa ananunua muda tu. Shangazi alianza kununa.

"Piga au niache."

Akapiga. Wakati ule ule ukaja mlio. Haukuwa mkubwa nilivyokuwa nikiuwaza siku zote. Ulikuwa mnene na mrefu, vioo vya madirisha yetu vikatetemeka, kisha mbwa wote wa ng'ambo wakaanza kubweka pamoja.

Kwenye picha, Shangazi amegeuza uso kuelekea dirishani, mdomo umefunguka kidogo. Alijua kabla yetu.

Jumapili, 14 Aprili

Hakuna aliyeumia. Mlinzi wa juu alikuwa getini. Baraza na jiko vimebaki. Chumba cha kulala hakipo. Kuna mawe na udongo mwekundu mpaka juu ya dirisha, na mguu mmoja wa kitanda umechomoza.

Shangazi alisimama hapo akaangalia bila kulia. Mimi nililia vya kutosha watu wawili.

Jumatatu, 15 Aprili

Tangu alfajiri hakuna tone. Shangazi alikwenda kwake na Timazi kuokota vinavyookoteka. Alirudi adhuhuri, kucha zimejaa udongo, amekumbatia kitu ndani ya ile aproni yake. Akakiweka juu ya kaunta na kukifunua.

Lilikuwa jiwe lenye saruji huku na saruji kule, na katikati yake ule ufa, na juu ya ufa kile kipande cha kioo cha kabati.

"Kaka," akasema, "hiki nini?"

"Kioo, Shangazi."

"Kimepasuka?"

Kaka akanitazama. Tangu Alhamisi hatukuwa tumetazamana.

"Kizima," akasema.

"Timazi anasema ukuta umelala wote kwa pamoja, umekatikia chini. Ufa haukuwa na habari." Shangazi akapitisha kidole gumba juu ya kioo, akafuta udongo. "Ningengoja kipasuke, ningekuwa nangoja mpaka sasa."

Nilitaka kusema nisamehe, nikasema, "Shangazi, siku ile sikuona kitu. Niliogopa tu."

"Najua. Nami niliona uji." Akapangusa kucha kwa ncha ya aproni. "Nilipowaona mmesema neno moja nyinyi wawili, nikajua kuna uongo hapa. Hamjawahi kukubaliana hata rangi ya pazia. Nikasema moyoni, kama wamefika hapo, basi ni kubaya."

Kaka alijifanya anapanga fremu ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Shangazi akaliinamia jiwe, akajitazama kwenye kile kioo, akasawazisha kitambaa chake kichwani, kushoto, kulia, mpaka akaridhika. Kisha akalisukuma pembeni, akaangalia saa ya ukutani, akaangalia juu ya kabati.

"Mwisho wa kubadilisha si leo? Teremsha boksi, twende wote. Safari hii nitamwambia mwenyewe anipe ile isiyo na kioo."